Sekunde Kumi na Moja

Kanda zilifika Bukavu ndani ya Hiace nyeupe,
chini ya kiti cha nyuma, kwenye boksi la viatu,
saba, zikiwa na harufu ya nyumba ya watu tusiowajua.
Gari lenyewe bado lilikuwa na maandishi ya Kijapani ubavuni,
labda duka la maua, labda la majeneza.
Dereva hakuyafuta. Alisema yanavuta abiria.

Zihindula alizinunua kwa bei ya makreti mawili ya bia
akazipandisha Kadutu, kwenye chumba chake cha mabati:
mabenchi manane, televisheni moja,
jenereta yenye kikohozi cha mzee.

Sisi tulikuja kwa ajili ya mapanga.
Mama alikuja kwa ajili ya kile kilichotangulia mapanga.

Kwanza chenga, nyeupe kwa nyeusi.
Halafu buluu. Si ya ziwa, si ya mbinguni,
buluu iliyotengenezwa usiku na watu wenye umeme wa kutosha.
Katikati, nukta.
Nukta inavimba, inakuwa yai la fedha,
yai linapasuka bila kelele, na ndani yake
(nimewaeleza watoto wangu, wanacheka)
pembetatu tatu zinazunguka kana kwamba zinatafutana,
na sauti, ting, ting, tiiing,
kama mtu anayegonga kijiko kwenye glasi
huku glasi imezama majini.
Zinakutana. Zinakuwa jicho, au ua, au herufi.
Linatutazama.
Linazimika.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu mara nyingi
kuliko nilivyowahi kuhesabu pesa.

Zihindula alitafsiri filamu zote kwa mdomo wake,
Kijapani asichokijua, kwa Kiswahili cha Kadutu:
samurai akidai deni la muhogo,
mke wa samurai akimsema mama mkwe wa Walungu.
Tulicheka hadi benchi likaanguka.
Lakini kwenye jicho lile alinyamaza.
Tukamwuliza, wanasema nini?
"Hapo hawajasema kitu. Hapo wanapiga hodi."

Mama alikuwa akikaanga sambaza ng'ambo ya njia.
Akisikia ile ting ya kwanza
aliacha mafuta yakichemka, sambaza nusu mbichi,
akaja kusimama mlangoni, unga mkononi,
mwanga wa buluu ukimpanda shingoni.
Likizimika, anarudi.
Hakuwahi kulipa. Hakuna aliyethubutu kumdai.

Usiku mmoja nikamwambia, kaa basi, filamu ndiyo inaanza.
Akasema: "Mimi nimeshaiona yote.
Kitu kimezaliwa, kimezunguka, kimekwenda zake.
Hakuna aliyekufa."

Ulikuwa mwaka ule ambao mtaani kwetu
salamu ilikuwa kuulizana nani amerudi.

Wenye bunduki walipopita kwa Zihindula
walichukua televisheni, jenereta, na benchi moja.
Kwa nini moja, mpaka leo sijui.
Kanda waliziacha zimetawanyika kwenye tope.
Mama akaokota ile yenye yai, akaipangusa kwa kitenge,
akaiweka sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo,
miaka, na miaka, bila mashine ya kuichezea.

Sasa anakaa Panzi, kwa dada yangu,
na nyuma ya nyumba ana mistari minne ya mtama.
Nilipomtembelea Agosti nikaukuta ule mkanda
umetolewa tumboni mwa plastiki yake, mita kwa mita,
umefungwa kutoka mti hadi mti juu ya masuke,
mweusi, unang'aa, unatetemeka.
Nikasema, Mama!
Akasema, "Ndege."

Ndege walikuja. Wakatua ukutani.
Upepo ukapita, mkanda ukawaka na kuvuma kidogo,
nao wakatulia wote, shingo zimeinama upande mmoja.
Mama alikuwa mlangoni, unga mkononi.
Nikaanza kuhesabu bila kutaka.
Kabla hawajashuka kula,
akarudi ndani.